Franco alikufa na ugonjwa gani? Nani alijua, nani alisikia tu

Jumapili moja, katika kipindi chetu cha muziki wa zamani, nilisoma maisha ya Franco Luambo Makiadi. Sikuwa nimeyaandaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, jenereta ilipata mafuta dakika za mwisho, na mimi nikafungua simu, nikatafuta jina lake kwenye intaneti na kusoma ukurasa wa kwanza uliofunguka, huku nikiutia Kiswahili papo hapo. Alizaliwa lini, alianza gitaa lini, alioa wangapi, alizaa wangapi. Mwishoni nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba alikufa mwaka 1989 kwa sida. Nikaweka wimbo, nikanywa maji.

Wimbo haujaisha, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya redio. Alikuwa mama mmoja muhami, kati ya wale waliofika hapa kwetu Fizi na watoto mgongoni na godoro kichwani. Alisema: "Papa, asante kwa muziki. Nauliza tu. Wewe uliongea na daktari wake?"

Kesho yake nilimpigia. Mume wake alikufa katika kijiji walichokuwa wamepokelewa, baada ya miezi ya kukonda na kukohoa. Hakupimwa chochote, maana kituo cha afya kilikuwa mbali na njia haikuwa salama. Siku ya tatu ya matanga, watu walikuwa wamekwisha kutoa jina la ugonjwa. Toka hapo, kwenye bomba la maji, bidoni yake ilikuwa inasukumwa pembeni kwa mguu, isiguswe kwa mkono. Watoto wake walikaa peke yao kwenye kanisa. "Sasa juzi mtoto wangu mkubwa amesikia redio," akaniambia, "akaniuliza: mama, na redio nayo inajua ugonjwa wa mtu kwa kumuangalia tu?"

Amenikubalia niandike haya bila jina lake wala jina la kambi. Kwangu mimi swali la huyo mtoto lilikuwa swali la kazi. Nilirudi kwa Franco kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Safari hii sikutafuta kilichoandikwa juu yake, kwa maana kimeandikwa kingi. Nilitafuta nani alisema kwanza, na huyo aliyesema angewezaje kujua.

Tuanze na yale yasiyo na ugomvi. François Luambo alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, Bas-Congo, akakulia Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Baba yake alifanya kazi ya reli na alikufa Franco akiwa bado mtoto. Mama yake alilea familia kwa kuuza mandazi sokoni. Gitaa alifundishwa na Paul Ebengo, yule aliyeitwa Dewayon. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia studio ya Loningisa iliyokuwa ya Wagiriki. Juni 1956, yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Haya yote yana mashahidi. Wanamuziki waliokuwa naye walisimulia, sahani za santuri zina tarehe na namba, na kuna vitabu vya watu walioenda kuwauliza wenyewe, kama kile cha Graeme Ewens cha mwaka 1994 na kile cha Gary Stewart cha mwaka 2000, ambao walitembea kutoka mwanamuziki mmoja hadi mwingine wakati wengi wao wangali hai.

Hata mambo ya aibu yanaweza kuwa na ushahidi. Utasoma kwamba Franco alifungwa mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana kuwa za matusi. Ni kweli. Aliyemfunga ni serikali yenyewe, na ilifanya hivyo mbele ya nchi nzima ili wengine waogope. Jambo lililofanywa hadharani linaacha alama. Anayelitafuta anajua pa kwenda.

Ugonjwa haufanywi hadharani. Uko ndani ya mwili wa mtu. Wanaoweza kuujua kwa hakika ni wachache mno: mgonjwa mwenyewe kama ameambiwa, daktari aliyempima, na wale wa nyumbani ambao mgonjwa au daktari amewaambia. Wengine wote, hata mpiga besi aliyesafiri naye miaka 20, wanaona tu kwamba nguo zimempwaya.

Na nguo zilimpwaya kweli. Franco alikuwa mtu mwenye mwili. Wazee wanaokumbuka picha zake za miaka ya 1970 na 1980 wanajua jinsi alivyokuwa akijaza kiti na gitaa likaonekana dogo juu ya tumbo. Katika miaka ya mwisho akakonda. Mwaka 1989 alirekodi na Sam Mangwana, na watu walioshika sahani ile walishtuka kwa jinsi alivyobadilika. Septemba ya mwaka ule alipanda jukwaani Amsterdam, Uholanzi, akiwa dhaifu sana. Tarehe 12 Oktoba 1989 akafa katika hospitali huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Maiti ikarudishwa Kinshasa, Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake.

Kati ya kukonda na kifo kuna kitu kimoja zaidi, na nadhani hicho ndicho kilichomfunga. Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ugonjwa mpya, "Attention na SIDA". Ndani yake anawaita walimu, watu wa dini, madaktari, wazazi, serikali, kila mmoja kwa zamu yake, afanye kazi yake.

Kijana wa leo anaweza asione uzito wa jambo hilo, kwa hiyo nieleze kidogo hali ya mji wakati ule. Mwaka 1983 madaktari kutoka Ubelgiji na Marekani walifika Kinshasa na, pamoja na madaktari wa Zaire, wakaona wagonjwa wa sida katika hospitali ya Mama Yemo. Mwaka uliofuata ukaanza mradi mkubwa wa utafiti ulioitwa Projet SIDA. Kipimo cha damu kilipatikana mwaka 1985. Dawa hazikuwepo, na zile za kuchanganya, ambazo leo zinamfanya mtu aishi na kulea watoto wake, zilikuja tangu 1996 na kwetu zilichelewa tena. Kwa hiyo mwaka 1987 kusikia jina hilo kulikuwa sawa na kusomewa hukumu. Watu wakajilinda kwa kucheka. Mjini wakazigeuza herufi nne za SIDA kuwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya ugonjwa wa kubuni, uliotungwa na wazungu ili kuwakatisha tamaa wapendanao. Katika kicheko hicho, mwanamuziki mkubwa kuliko wote anasimama na kusema: huu ni wa kweli, jihadharini.

Kisha yeye mwenyewe anakonda. Watu wakaunganisha. "Aliimba kwa sababu anao." Ukiitazama hesabu hiyo vizuri, haisimami. Anayepiga ngoma kijijini kutangaza moto si lazima nyumba yake ndiyo inayoungua. Lakini hesabu hiyo ilikuwa tamu mdomoni na ilipata njia nzuri ya kusafiri.

Njia yenyewe ilikuwa radio trottoir, redio ya kando ya barabara, na wazee wanaijua vizuri. Zaire ya wakati ule ilikuwa na chama kimoja, MPR, tangu 1967, na redio moja kubwa, La Voix du Zaïre, ambayo ilisema kile ambacho wakubwa walitaka kiseme. Magazeti nayo yalikuwa chini ya mkono huohuo. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, miezi sita baada ya kifo cha Franco. Maana yake, siku Franco alipokufa hapakuwa na gazeti huru hata moja nchini la kwenda Namur kuuliza, wala la kuandika kwamba limeuliza na halikujibiwa. Watu waliozoea kudanganywa na redio ya serikali walijifunza kuamini barabara, na mara nyingi barabara ilisema kweli: nani ameachishwa uwaziri, nani amekimbilia Brazzaville, mkate utapanda lini. Siwacheki. Mimi mwenyewe ningeiamini. Lakini barabara iliyojua nani ameachishwa kazi ilikuwa na mashahidi, dereva wake, mlinzi wake, mpishi wake. Barabara iliyotoa jina la ugonjwa wa Franco haikuwa na shahidi. Ilikuwa na macho tu.

Franco mwenyewe hakuwahi kukiri hadharani kwamba ana sida. Wapo walioandika kwamba ilikuwa figo, wapo walioandika saratani. Madaktari wa Ubelgiji wanafungwa na sheria ya siri ya kazi yao. Anayeivunja anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo tangu Oktoba 1989 hadi leo, aliyesimama hadharani kusema "nilimpima, nilikuta hiki" hakuna.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Radio trottoir ya 1989 ilikuwa na adabu moja: ilijulikana kuwa ni radio trottoir. Aliyekuambia alianza kwa "inasemekana". Neno hilo lilikuwa kama alama kwenye pesa, ulijua unapokea nini. Uvumi ulipoingia kwenye maandishi, wale waandishi waangalifu waliliacha neno hilo mahali pake: waliandika kwamba kulikuwa na uvumi. Ukurasa wa intaneti ukaja, mtu akafupisha. Ukitaka kufupisha sentensi, cha kwanza kukatwa ni "inasemekana", kwa maana inaonekana haina kazi. Aliyefuata akanakili sentensi iliyokwisha kukatwa. Wa tatu akaitia Kiingereza, wa nne akairudisha Kifaransa, na wa tano, ambaye ni mimi, akaisoma kwa Kiswahili kwenye redio huko Fizi.

Baada ya ule ujumbe wa mama nilifungua kurasa kadhaa kwa mfululizo. Zilifanana kama mapacha. Mpangilio wa maneno ni uleule, na ile idadi ya watoto, 18, imekaa mahali palepale katika sentensi. Nilikuwa nikijisemea kwamba jambo limeandikwa sehemu nyingi, basi lazima ni kweli. Kumbe nilikuwa namsikiliza mtu mmoja aliyepita kwenye kurasa nyingi. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunajua: ukipiga kelele kwenye mwamba, sauti inarudi mara tatu, na aliyepiga kelele ni mmoja.

Wala si sisi maskini wa megabaiti peke yetu tunaonaswa hivi. Machi 2009 alikufa Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu kubwa kama "Lawrence of Arabia". Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Dublin, Ailandi, alitaka kuona waandishi wa habari wanafanyaje kazi. Akaingia Wikipedia na kuweka maneno aliyoyatunga mwenyewe, kana kwamba Jarre aliwahi kuyasema juu ya maisha yake na muziki. Magazeti ya nchi mbalimbali, na yenye jina kubwa, likiwemo The Guardian la Uingereza, yakayachapa katika taarifa za kifo. Hakuna aliyegundua. Wiki kadhaa zikapita, mpaka mwanafunzi akawaandikia mwenyewe kuwaambia. Na fikiria kama asingeandika: kesho mtu angefungua Wikipedia na kudai ushahidi wa maneno yale, na mwingine angemwonyesha gazeti. Maji yangekuwa yametoka kisimani, yakaingia mtungini, kisha mtungi ukatumiwa kuthibitisha kwamba kisima kina maji.

Ndiyo maana siku hizi, nikikuta jambo la siri ya mtu, kitu cha kwanza ninachoangalia ni umri wa jambo lenyewe. Ukurasa wa Wikipedia una sehemu ya historia. Ukiifungua inakuonyesha sentensi fulani iliwekwa tarehe gani. Kama sentensi iliwekwa kabla ya makala inayotajwa kuwa chanzo chake, basi chanzo hicho huenda kimekunywa humo humo. Inachukua muda, na kwa mtandao wa huku kwetu inaweza kuchukua jioni nzima. Kama jioni hiyo sina, basi sina haki ya kusoma sentensi hiyo.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo ugonjwa wa mtu maarufu hauwezi kujulikana kamwe? Unaweza. Mwaka uleule wa 1989, hapo Uganda, kulikuwa na mwimbaji aliyeitwa Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Uswidi. Alirudi nyumbani na kutangaza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba ana ukimwi. Alizunguka kwenye shule na makanisa akizungumza na watu, akaimba juu ya upweke na hofu yake. Alikufa tarehe 15 Desemba 1989, miezi miwili na siku tatu baada ya Franco. Na unajua watu walisemaje alipotangaza? Wapo waliomwita mwongo. Walisema anatafuta kuuza sahani zake.

Hapo nilisimama muda mrefu. Ndani ya mwaka mmoja, katika nchi mbili zinazopakana, mtu ambaye hakusema lolote aliaminiwa kuwa nao, na mtu aliyesema kwa kinywa chake alikataliwa. Barabara ilikuwa na haja ya hadithi, na ukweli wa mwili wa mtu haukuwa kitu ilichokitafuta.

Kisha kuna Fela Kuti wa Nijeria. Alikufa tarehe 2 Agosti 1997. Siku iliyofuata kaka yake, Olikoye Ransome-Kuti, akawaita waandishi wa habari na kusema kwamba mdogo wake amekufa kwa matatizo yaliyoletwa na ukimwi. Huyo kaka hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa daktari, profesa wa magonjwa ya watoto, na alikuwa waziri wa afya wa nchi yake kwa miaka. Alikuwa na mambo mawili kwa pamoja, damu na taaluma, na aliweka jina lake juu ya maneno yake. Wapo mashabiki waliokasirika na kukataa. Lakini sisi tunaoandika, tukisema Fela alikufa kwa ukimwi, tunaweza kujibu swali la yule mama: nani alikuambia? Kaka yake daktari, tarehe 3 Agosti 1997, mbele ya waandishi.

Kwa Franco swali hilo linabaki bila mtu wa kumtaja. Naongeza jambo moja ili nisieleweke vibaya: sisemi kwamba Franco hakuwa na sida. Kusema hivyo kungekuwa kosa lilelile nililofanya ile Jumapili, limegeuzwa tu upande wa pili. Wala kuwa nao si aibu ya kumfutia mtu. Nasema kwamba aliyejua hakusema, na waliosema hawakujua.

Si kila tofauti katika maisha ya mtu maarufu ni uongo, na hapa nitawapumzisha kidogo na Tabu Ley Rochereau. Kurasa nyingine zinasema alizaliwa tarehe 13 Novemba 1937, nyingine 13 Novemba 1940. Siku na mwezi ni uleule, mwaka unaruka mara tatu. Mzungu akiona hivyo anauliza nani amedanganya. Sisi tunaelewa haraka zaidi. Nani katika kambi hajawahi kuona kwenye karatasi neno "né vers", amezaliwa karibu na mwaka fulani? Ni wangapi wamepoteza kadi ya uchaguzi njiani wakakimbia, na walipofika kuandikishwa upya karani akawapa mwaka kwa kuwaangalia mvi? Wakati wa Mbelgiji mtoto aliyezaliwa Bagata angeweza kuwa na tarehe ya ubatizo kwa padri, tarehe nyingine shuleni, na ya tatu kwenye karatasi ya kazi. Mtu mwaminifu anaweza kuwa na miaka miwili ya kuzaliwa. Hapo mwandishi anaandika yote miwili na kuendelea.

Kuhusu watoto wa Tabu Ley, alipokufa Brussels tarehe 30 Novemba 2013, taarifa nyingi zilibeba namba 68. Ni namba inayomfurahisha msomaji, na namba inayofurahisha inastahili kuulizwa mara mbili. Nani alihesabu? Mbele ya karani gani? Sikuona jibu, na sitaisoma tena redioni kama hesabu ya kweli. Lakini kwamba Youssoupha, yule msanii wa rap wa Ufaransa aliyezaliwa Kinshasa, ni mtoto wake, hilo nitalisoma, kwa sababu amelisema yeye mwenyewe mara nyingi na baba hakulikana. Mtoto mmoja mwenye mdomo ananitosha kuliko 68 wa kwenye karatasi.

Namba ya watoto ikikosewa, watu wanacheka na maisha yanaendelea. Jina la ugonjwa likikosewa, bidoni inasukumwa kwa mguu. Hiyo ndiyo sababu nchi yetu ina sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na za watu wa familia zao. Inakataza kuwabagua na inalinda siri yao. Wengi wetu tulioshika mikro hatujawahi kuisoma. Mimi niliisoma baada ya ile Jumapili, si kabla, na nilikuwa nimekwisha kumaliza masomo ya uandishi wa habari miaka mingi.

Jumapili iliyofuata nilianza kipindi bila muziki. Nilisoma maneno niliyoyaandika kwa mkono, ili nisiongeze kitu: "Wiki iliyopita nilisema kwamba Franco Luambo alikufa kwa sida. Sikuwa na ushahidi. Alikufa Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, baada ya ugonjwa. Jina la ugonjwa huo halikuthibitishwa hadharani na yeye wala na daktari wake. Naomba radhi kwa familia yake, na kwa kila aliyesikia na kuumia." Nikairudia mara mbili, kwa kuwa wengine huwasha redio wakiwa wamechelewa kutoka kanisani.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja wa sekta ya Mutambala. Alikuwa na hasira. Alisema mimi ni mtoto, sikuwepo, na yeye anajua vizuri kwamba ilikuwa sida.

"Mzee wangu," nikamwambia, "nisaidie basi. Wewe ulijuaje?"

"Nilimwona!"

"Ulimwona wapi, baba? Kinshasa?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Kwenye ganda la sahani," akasema.

Tulicheka wote wawili, hata fundi mitambo akacheka nyuma ya kioo. Kisha mzee akaomba nimwekee "Mario", yote, nisiikate katikati kama nilivyozoea.